Muhuri Wangu Unainama Zaidi

Jumatatu, 6 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kustaafu kwa muhuri wangu wa mti, uliolitumikia jina la Kuramochi kwa miaka thelathini na mmoja bila kukosa hata siku moja ya kazi. Umestaafu leo, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, baada ya kugongwa kwa mara ya mwisho kwenye ombi la kununua karatasi za chooni. Umeacha kidau kimoja cha wino mwekundu na kitambaa cha kupangusia. Habari ziwafikie kidole gumba na kidole cha shahada, popote vilipo.

Aliyetuletea msiba ni Mkurugenzi. Amerudi na wazo kutoka Tokyo, kama wengine wanavyorudi na mafua. Kuanzia leo nyaraka zote za kuombewa idhini zitazunguka ndani ya kompyuta. Mihuri yetu imepigwa picha na kuingizwa humo. Mtu anabofya tu, jina lake linatokea jekundu kwenye kisanduku chake. Nimebofya. Hakuna mlio. Nimebofya tena, nikisubiri mlio. Kompyuta ikaniandikia kwamba nimeshakubali, inatosha.

Ushijima, meza ya pili kutoka kwangu, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi kama Bwana Kuramochi analia. Nikasema ni chavua ya mierezi. Mwezi Machi nusu ya mkoa wetu wa Fukui inatokwa na machozi, hulii peke yako.

Jumanne, 7 Machi

Sasa mambo mazito. Mzee Kumagai, mkuu wa idara yetu, anaondoka mwisho wa mwezi. Kiti chake kinabaki.

Kiti cha Mzee Kumagai kina mahali pa kuegemeza mikono. Changu hakina. Cha Ushijima hakina. Katika kampuni ya Hishinuma, watengenezaji wa mifuniko ya mabafu, ile inayozuia maji yasipoe, tangu enzi za babu yake Mkurugenzi, mikono hupumzika kwa cheo.

Mei natimiza miaka hamsini na mitano. Baada ya hapo kampuni haimpandishi mtu, inamshukuru tu. Ushijima naye anatimiza Juni. Tuliajiriwa siku moja, tukapigwa picha moja, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya bega langu. Kiti ni kimoja. Wenye makalio ni wawili.

Wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nilikikalia kidogo kukipima. Viwiko vimeridhika. Nilipofumbua macho, Ushijima alikuwa mlangoni na bakuli lake la tambi. Akasema pole sana, hakujua kuna mgonjwa.

Jumatano, 8 Machi

Leo kaja Bi Togashi, msichana wa kampuni iliyotuuzia programu. Ana umri sawa na printa yetu, ila yeye anafanya kazi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanikereketa. Muhuri wa kompyuta unasimama wima. Sasa utainamaje? Mtu mwenye malezi hagongi muhuri wake wima kando ya wa mkubwa. Visanduku viko mstari mmoja, wadogo kulia, wakubwa kushoto, na muhuri wa mdogo hulalia kushoto kidogo, kama mtu anayemwinamia bosi wake mlangoni. Sijui nani alianzisha. Ninachojua ni kwamba sijamwona mtu wa muhuri wima akipata kiti chenye mikono.

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Akafungua ukurasa mmoja, na hapo pana kisanduku kidogo kilichoandikwa "Kuinama", na pembeni yake nafasi ya kuweka namba. Akasema wateja ndio walioomba. Waliomba mpaka wakampigia bosi wake simu nyumbani.

Nimeweka digrii kumi. Heshima isiyo na unafiki.

Alhamisi, 9 Machi

Waraka wa kununua mafuta ya jenereta. Muhuri wangu: digrii kumi, safi, wa kupendeza. Kando yake, muhuri wa Ushijima: digrii kumi na tano.

Nilipima kwa kipimapembe cha binti yangu cha tangu shule ya msingi. Kumi na tano kamili.

Nilimtakia mchana mwema.

Ijumaa, 10 Machi

Mimi: ishirini.

Mzee Kumagai ameona waraka na kuguna. Akaniita, akanimiminia chai na kunipa somo. Akasema, sikiliza Kuramochi, muhuri ukiinama ni salamu, lakini ukisimama kichwa chini ni ugomvi. Zamani, mtu aliyelazimishwa kukubali jambo asilolitaka aligonga muhuri wake kichwa chini: mkono umekubali, roho imekataa. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo mara moja, ujanani, na bosi wa wakati ule akampeleka ghala la Tsuruga akahesabu mifuniko kwa majira mawili ya baridi. Mpaka leo akisikia harufu ya maboksi yaliyolowa anakohoa.

Nilimsikiliza kwa adabu zote. Mimi na kupinga wakubwa tuko mbali kama kusini na kaskazini. Nikamshukuru kwa chai. Nilikunywa nikiwa nimesimama, jicho kwenye kiti.

Jumatatu, 13 Machi

Ushijima: ishirini na tano. Mtu huyu hana aibu.

Mke wangu Mitsue, nilipomweleza wakati wa chakula cha jioni, akaendelea kukwaruza figili bila kunitazama. Akasema, "Baba, heshima si utumwa." Nikamwambia utumwa hauna mahali pa kuegemeza mikono. Akasema basi nikaoshe bakuli, hiyo mikono isikae bure.

Nikiwa naosha, wazo limenijia. Nalisifu hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisifu. Kwa nini nikimbizane naye kwa mkono, siku baada ya siku, kama mtu anayefukuza kuku? Kompyuta si ipo?

Jumanne, 14 Machi

Siku ya biskuti. Wanaume wote wenye adabu wanawashukuru wanawake waliowapa chokoleti mwezi uliopita. Bi Togashi hakunipa chokoleti, maana hatukuwa tunajuana. Nimempa biskuti hata hivyo, za kasha la bati, na nikamweleza haja yangu.

Nataka muhuri wangu uiname digrii tano zaidi ya wa Ushijima. Ujipime wenyewe kwa ule wa kwake. Mimi nisiguse kitu.

Akauliza, "Daima?"

Nikasema daima.

Akauliza kama aweke kikomo.

Nikamwambia, "Binti yangu, heshima haina kikomo."

Akaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, akageuza kompyuta kunielekea na kuniomba nibofye "Nakubali". Nikabofya. Kisha akanionyesha kitufe kingine ambacho sikujua kipo: "Idhinisha Zote". Nyaraka zikirundikana, unabofya mara moja zote zinapita. Nimefanya kazi hapa miaka thelathini na mmoja nikigonga moja moja kama fundi viatu.

Biskuti zimelipa.

Ijumaa, 17 Machi

Nimepita dawati alilopewa Bi Togashi. Pana kasha jingine la biskuti kando ya langu. La Ushijima. Lina ghorofa mbili.

Maskini. Anamtongoza msichana mwenye umri wa mwanawe. Nimemhurumia kweli.

Tangu Jumanne hakuna waraka uliopita. Watu wote wanamalizia hesabu za mwaka. Wiki ijayo zitamiminika. Niko tayari. Ninapiga mluzi.

Jumanne, 21 Machi

Sikukuu ya usiku na mchana kulingana. Tangu jana tuko kwa mama mkwe, mjini Katsuyama. Tumeosha makaburi ya ukoo wa Mitsue, tumeweka maua, tumekula vitumbua vya wali na maharage matamu mpaka tukaishiwa la kuongea. Mama mkwe akauliza kama nimeshapata kile kiti. Nikasema bado siku chache. Akasema hayo ndiyo niliyomwambia msimu wa kiangazi wa mwaka ule ambao paka wake alikufa. Nikainuka kwenda kuoga.

Niliingia kwenye bafu saa kumi na mbili jioni, kifuniko kimefunika nusu ya maji, cha plastiki, mfano wetu wa tatu, kinachojikunja. Simu nikaiweka juu yake. Nyaraka kumi na sita zilikuwa zinaningoja. Ushijima alikuwa ameshakubali zote, mpenda kujionyesha. Nikaangalia vichwa vya habari juu juu. Taa za korido. Matairi ya gari la mizigo. Wa mwisho, kutoka kwa Mkurugenzi mwenyewe: "Kuboresha Matumizi ya Uwanja wa Nyuma". Vizuri. Mtu anayeboresha uwanja mimi namuunga mkono.

Idhinisha Zote.

Nikajiegemeza. Maji yalikuwa moto sawasawa. Nimewaza kwamba mahali fulani, ndani ya nyaya, muhuri wangu ulikuwa unainama kwa uzuri.

Jumatano, 22 Machi

Mkurugenzi amepishana nami kwenye korido. Nimeinama. Hakuitika. Akanitazama kama mtu anayetazama mlango ambao jana ulikuwa ukuta.

Tafsiri yangu: heshima imemzidi. Hajazoea.

Saa tano kaja Fundi Takebe kutoka karakana ya mbao, kule nyuma, wanakotengeneza kwa mikono mifuniko ya mbao ya hinoki, mti wa kunukia. Wamebaki wazee sita. Sijawahi kuzungumza na Takebe zaidi ya habari za theluji. Leo amesimama mbele ya meza yangu, akavua kofia, na kuinama mpaka nikaona upara wake wote. Akasema hatasahau. Akasema wenzake nao hawatasahau. Akaniachia samaki aina ya makreli aliyevundikwa kwenye pumba, mzima, amefungwa gazetini, akaondoka akifuta macho.

Sijui nimefanya nini. Samaki nimempokea. Mtu mzima hakatai shukrani eti kwa sababu hajui chanzo chake.

Ushijima akauliza mbona ofisi inanuka. Nikasema ni harufu ya kupendwa.

Alhamisi, 23 Machi

Nimeitwa. Kesho saa nne, chumba cha Mama Mwenyekiti, mimi na Ushijima pamoja. Mama Hishinuma, mama yake Mkurugenzi, ana miaka themanini na minne, na muhuri wake ndio wa mwisho kwenye kila waraka. Hawaiti watu wawili kuwapa habari mbaya. Habari mbaya huitiwa mmoja mmoja. Basi anachagua mkuu wa idara.

Nikiwa natafuta tai iliyo sawa, Bi Togashi akanivuta kando. Alikuwa ameshika karatasi kumi na sita. Akazipanga kwenye meza ya chumba cha mikutano, mstari mmoja, na kuniomba nitembee taratibu kuanzia mwanzo.

Karatasi ya kwanza: muhuri wangu umeinama digrii thelathini. Nzuri kabisa. Ya pili: arobaini. Ya tano: sabini, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya meza. Ya saba umelala ubavu. Ya kumi unateleza. Ya kumi na tatu miguu iko hewani. Kwenye kila karatasi muhuri wa Ushijima uko kando yangu, nyuma kwa digrii tano, wanaume wawili wanaanguka ngazi moja wakiwa wameshikana mashati.

Ya kumi na sita. Mkurugenzi. "Kuboresha Matumizi ya Uwanja wa Nyuma". Muhuri wangu: mia na themanini. Kichwa chini, miguu juu, umenyooka kama mshumaa.

Nikamwuliza imewezekanaje. Akasema Bwana Ushijima alileta haja hiyohiyo, siku hiyohiyo: muhuri wake uzidi wangu kwa digrii tano, daima. Naye alikataa kikomo. Waraka ukikubaliwa na sisi wawili, programu inagonga mihuri, halafu inakwenda kwenye waraka unaofuata. Kwa hiyo waraka wa kwanza yeye akanipita, nami nikampita. Wa pili vilevile. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Nikauliza kwa nini hakutwambia.

Akasema, "Bwana Kuramochi, mlisema niifanye siri. Wote wawili. Kwa sauti ya chini ileile."

Nikausoma waraka, hatimaye. Uwanja unaoboreshwa ni pale iliposimama karakana ya mbao. Inafungwa, mafundi sita wanapumzishwa, panakuwa maegesho ya magari. Na pale chini, mbele ya jina la Mkurugenzi na la mama yake, mimi Kuramochi Tsuneo nimemwambia bosi wangu kwamba mkono wangu umekubali na roho yangu imekataa.

Nilikumbuka Tsuruga. Nilianza kukohoa kabla sijafika huko.

Ijumaa, 24 Machi

Ushindi.

Sina nafasi ya kueleza yote. Itoshe kusema: nimeingia, nimezungumza kiume, Mama Mwenyekiti amenisikiliza. Nimepewa cheo cha mkuu. Mkuu kamili, kadi mpya za jina zinachapishwa. Ujasiri wangu umetajwa kwa jina. Ushijima alikuwa chumba hichohicho na aliyasikia yote kwa masikio yake.

Mitsue ameipokea habari kwa utulivu. Akauliza mkuu wa nini. Nikamwambia asianze.

Jumatatu, 3 Aprili

Siku ya kwanza ya cheo. Micheri imechanua kando ya mto, na watu wanatandika mikeka chini yake kuanzia mchana. Nimetembea katikati yao nikiwa na kadi mpya mfukoni. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mtu wa bia.

Kazi nyingi. Nitaandika kesho.

Alhamisi, 6 Aprili

Haya, niseme ukweli. Daftari hili halisomwi na mtu isipokuwa Mitsue, na Mitsue ameshajua.

Ilikuwa hivi. Mama Mwenyekiti alikuwa ameketi na ule waraka mbele yake, umechapishwa kwenye karatasi, kwa sababu yeye kila kinachoingia kwenye kompyuta anakitoa kikapumue. Mkononi ana lenzi ya kukuzia. Mkurugenzi pembeni, anatazama dari. Akaanza na Ushijima. Akamwuliza muhuri wake una nini.

Ushijima, na hili sitamsamehe, akasema kweli. Palepale, bila kujikuna. Akasema, "Mama, ilikuwa salamu. Imepitiliza."

Mama akauliza imepitiliza kiasi gani.

"Digrii mia na sabini na tano, Mama."

Mama akasema mtu akiinama namna hiyo anakuwa ameshamwonyesha mkubwa wake soli za viatu. Akacheka mpaka akashika meza. Hata Mkurugenzi alitoa macho kwenye dari. Nikaona wazi kwamba ukweli unalipa. Lakini ukweli ulikuwa umeshachukuliwa na Ushijima, na mimi sikuja pale kuwa wa pili kwa jambo lilelile.

Basi nilipoulizwa, nikasema nilipinga.

Nikasema nilipinga kwa moyo wangu wote. Nikasema mbao ya hinoki ni roho ya kampuni hii. Nikasema harufu yake inanikumbusha bafu la bibi yangu. Bibi yangu aliishi ghorofa ya nne, Osaka, alikuwa anaoga kwenye bafu la umma. Mama akauliza kama bibi alikuwa mteja wetu. Nikasema mpaka siku ya mwisho ya uhai wake. Nilikuwa nimeshaanza kutokwa na machozi, na safari hii si chavua. Nilikuwa najigusa moyo mwenyewe.

Mama akaiweka lenzi chini. Akausukuma ule waraka upande wa mwanawe, bila muhuri. Akasema karakana haifungwi. Inapewa mwaka mmoja isimame kwa miguu yake, na inahitaji mkuu anayeipenda kutoka rohoni, na Mungu si Athumani, mtu mwenyewe ndiye huyu hapa tangu utotoni. Kisha akamgeukia Ushijima na kusema kwamba mtu anayesema kweli mapema anaokoa muda wa ofisi, na idara yetu ina upungufu wa muda.

Ndivyo Ushijima alivyopata kiti. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi, ameweka mikono pande zote mbili kama mfalme anayeshushwa kwenye gari.

Na bado kuna jambo. Tulipokuwa tunatoka, Mama alinishika kiwiko, akanong'ona mwanawe asisikie. Akasema anajua vizuri kwamba sikupinga kitu. Bi Togashi alishamweleza kila kitu asubuhi ile, na karatasi kumi na sita aliziona zote. Ya kumi na tatu ameibakiza awaonyeshe wageni. Ila tangu Januari alikuwa anatafuta sababu ya kuiokoa ile karakana bila kumwaibisha mwanawe, na hakuna aliyemletea nzuri zaidi. "Hiyo hadithi ya bibi yako," akasema, "usiiongezee chumvi mbele ya mafundi. Takebe anajua wateja wote kwa majina."

Kwa hiyo mimi ni mkuu wa Karakana ya Mbao. Cheo ninacho. Kadi ninazo. Kiti hakuna. Kule nyuma hakuna kiti hata kimoja. Mafundi wanafanya kazi wameketi sakafuni, na wanakula na kufanya mikutano hapohapo, miguu imekunjwa, kila mtu na mto wake. Magoti yangu yanalia kama bawaba. Wananiita Bosi kwa heshima inayoniumiza, wananimiminia chai mimi wa kwanza, na jana mzee mmoja alinionyesha namna ya kunusa ubao kujua kama umekauka. Nikanusa. Nikasema umekauka. Ulikuwa mlango.

Ningekuwa mtu wa kujifunza, ningejifunzia hapo.

Lakini siku ya kwanza niliona kwamba mto wa Takebe ni mnene kuliko wangu. Yeye ni fundi mkuu, mimi ni mkuu wa karakana; mgeni akiingia anatukuta sote sakafuni, na Takebe yuko juu kwa kidole kizima. Atajuaje nani bosi? Jumanne nilikunja koti langu na kuliweka chini ya mto wangu. Takebe alitazama. Jana asubuhi alikuwa amekalia mito miwili. Akasema ni mgongo.

Leo nimekalia miwili na koti. Mchana yeye akaleta wa tatu kutoka nyumbani, wa mkewe, una maua.

Nilipotoka kazini nilipita kwa mshona mito wa karibu na stesheni. Akauliza unene gani. Nikamwambia aje Jumatatu kwa kisingizio chochote, apime ya Takebe, aongeze sentimita tano.

Akauliza kama kuna kikomo. Nikamwambia dari.